Kabla ununue hiyo seva, kwanza mjue Herman Hollerith

Seva ilifika Kanduyi jioni ikiwa imefungwa blanketi, juu ya keria ya matatu kutoka Nairobi. Nikaita boda, nikaipakata kama mtoto mchanga hadi Bumula. Wiki tatu nilikuwa nimeisaka mtandaoni, nikabishana bei hadi muuzaji akalegea. Pesa hazikuwa zangu. Bursa wa shule moja ya upili hapa kwetu alikuwa ameniamini, akanipa chapaa mkononi na kuniomba niiweke mashine hiyo kabla ya wiki ya kulipa ada kuanza.

Usiku huo kila kitu kilikataa. Diski za mashine ya zamani zilikuwa za inchi 3.5, nafasi za mashine mpya ni za inchi 2.5. RAM niliyopanga kuongezea ilikuwa DDR3, bodi mpya inataka DDR4, na hata ule mkato wa kuchomekea hauko mahali pamoja. Kabati la ukutani lilikuwa fupi, seva ikatokeza nje kama miguu ya mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto. Printa ya risiti, ile ya utepe inayolia kama cherehani, ilitumia plagi pana ya pini 25. Mashine mpya haikuwa na tundu kama hilo popote. Nilipotaka kurudisha diski kwenye mashine ya zamani, nikagundua sikuwa nimeandika ipi ilikaa wapi.

Kwa siku nne shule haikujua nani amelipa na nani hajalipa. Siku ya tatu mama mmoja alikuja na risiti iliyofifia hadi haisomeki. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa ametumwa nyumbani kwa ada ambayo tayari ilikuwa imelipwa. Mama huyo hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akaketi kwenye benchi kungoja.

Aliyeniuzia hakunidanganya. Tangazo lake lilieleza kila kitu, ni mimi sikusoma. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikuwa nimekikumbatia kidonda hadi Bumula.

Katika zile siku nne za kukesha nikisoma jinsi ya kujinasua, nilikutana na jina la mzee mmoja Mmarekani aliyefariki mwaka 1929. Wakenya wengi walilijua neno seva kupitia kelele za uchaguzi. Lakini ukifuatilia ukoo wa mashine hizi hadi nyuma kabisa, unamfikia yeye. Na maisha yake yote, wallahi, yalikuwa ni kuuliza swali moja ambalo mimi nilisahau kuuliza: je, hiki kipya kitakubaliana na kilichopo?

Mtoto aliyeruka dirisha

Herman Hollerith alizaliwa Februari 29, 1860 mjini Buffalo, jimbo la New York. Hiyo tarehe pekee ni kituko. Siku yake ya kuzaliwa ilikuja mara moja kila miaka minne, na kwa kuwa mwaka 1900 haukuwa mrefu kwenye kalenda, alikaa miaka minane mizima bila kuiona, kuanzia 1896 hadi 1904.

Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba alikuwa mwalimu, akafariki Herman akiwa na umri wa miaka saba. Mama hakurudi nyuma. Alianza kushona na kuuza kofia za akina mama, na kwa kofia hizo akawalea watoto wake. Ukipita leo soko la Bumula au la Chwele utawaona akina mama wa aina hiyo, wamekaa nyuma ya bidhaa zao tangu alfajiri, na ada ya mtu iko ndani ya ule mkoba wa kiunoni.

Shuleni Herman alikuwa mkali wa hesabu lakini tahajia ilimshinda kabisa. Inasimuliwa kwamba kila kipindi cha tahajia kilipokaribia alitafuta njia ya kuhepa, na siku moja akaruka kupitia dirisha la ghorofani. Mwishowe alitolewa shuleni, akafundishwa na mwalimu wa binafsi. Mwaka 1875 akajiunga na City College ya New York, kisha akahitimu uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1879, akiwa na miaka 19 tu.

Mimi niliyeacha chuo katikati ningependa kumfanya mwenzangu, lakini ukweli ni kwamba yeye alimaliza. Alichoshindwa nacho ni tahajia peke yake.

Sensa iliyokuwa inazama kwenye karatasi

Mmoja wa maprofesa wake, William Trowbridge, alikuwa na kazi katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880, akamchukua kijana wake Washington. Huko Hollerith aliona kitu ambacho kilimfuata maisha yake yote. Vyumba vilijaa makarani waliokuwa wakipiga vijistari kwenye karatasi, wakihesabu kwa macho, mtu baada ya mtu, watu zaidi ya milioni 50.

Hesabu hiyo haikuwa ya kujifurahisha. Katiba ya Marekani inataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10 ili viti vya bunge vigawanywe kwa haki. Sasa, uchambuzi wa sensa ya 1880 ulichukua zaidi ya miaka saba. Idadi ya watu ilikuwa ikipanda kwa kasi. Kila aliyejua hesabu aliona kwamba baada ya muda sensa moja ingekuwa haijaisha na nyingine imeshafika mlangoni.

Ulinganishe na kwetu. Usiku wa Agosti 24, 2019 Kenya ilianza kuhesabu watu wake kwa vishikwambi. Kufikia mapema Novemba mwaka huo huo tulishaambiwa tuko 47,564,296, na kaunti ya Bungoma ina watu 1,670,570. Ile miezi michache badala ya miaka saba, mbegu yake ilipandwa katika vyumba vile vya Washington.

Aliyemtia wazo kichwani alikuwa daktari John Shaw Billings, mkuu wa takwimu za afya na vifo katika sensa hiyo. Billings alidokeza kwamba kazi ile ya kuchosha ilifaa kufanywa na mashine, na kwamba maelezo ya mtu yangeweza kuwekwa kwenye kadi kwa kutoboa matundu. Alitoa wazo, akamwachia kijana.

Mwaka 1882 Hollerith alienda kufundisha chuo cha MIT. Hakukaa. Kufundisha somo lile lile tena mwaka uliofuata kulimchosha kabla hakujaanza. Akaenda kufanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Washington, ambako alijifunza namna mvumbuzi anavyolinda wazo lake lisiibwe. Elimu hiyo ilimtajirisha baadaye. Kisha akaacha kazi, na mwaka 1884 akawasilisha ombi la hataza ya mashine yake ya kuhesabu.

Tiketi ya treni

Mashine yake ya kwanza haikutumia kadi, bali utepe mrefu wa karatasi wenye matundu. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa na kasoro. Ukitaka habari za mtu mmoja aliye katikati ya utepe, lazima uuzungushe wote hadi umfikie. Na ukitaka kuwapanga watu upya, kwa mfano wakulima wote upande mmoja, utepe hauwezi kukatika ukajipanga. Akautupa.

Jibu alilipata safarini. Alikuwa kwenye treni akamwona kondakta akitoboa tiketi za abiria. Kila tundu lilikuwa na maana yake: nywele za rangi gani, macho ya rangi gani, pua kubwa au ndogo. Kwa njia hiyo mtu hangeweza kuokota tiketi ya mwenzake akasafiria bure. Hollerith akaona kwamba kondakta alikuwa akimchora mtu kwa matundu. Mtu mmoja, kadi moja.

Majaribio ya kweli alianza kuyafanya mjini Baltimore, kwa takwimu za vifo. Hapa ndipo hadithi yake ilipoanza kufanana na yangu. Alitumia kile kile kitobozi cha kondakta, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Lakini mdomo wa kitobozi hicho ni mfupi. Hakiwezi kufika katikati ya kadi, kinaishia ukingoni. Kwa hiyo matundu yote ilibidi yakae pembezoni mwa kadi, na katikati ikabaki tupu. Kifaa cha zamani ndicho kilichoamua umbo la kifaa kipya.

Zaidi ya hayo, alitoboa maelfu ya kadi kwa mkono wake mwenyewe hadi mkono ukamlemaa kwa maumivu. Alijua basi kwamba hakuna karani atakayevumilia kazi hiyo siku nzima. Akaunda kitobozi kipya cha mezani, chenye mkono mrefu unaoelekezwa juu ya ubao wenye alama. Karani anaweka ncha kwenye alama, na upande wa pili tundu linatoboka mahali panapofaa, hata katikati ya kadi.

Makabiliano ya mwaka 1889

Sensa ya 1890 ilipokaribia, serikali haikununua kwa maneno matamu. Iliandaa mashindano. Mifumo mitatu ilipewa kazi ile ile: rekodi halisi za sensa iliyopita kutoka sehemu nne za mji wa St. Louis. Yaani mashine mpya zilijaribiwa kwa data ya zamani, kabla ya senti kulipwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha rekodi kutoka karatasi. Washindani wake wawili walitumia saa 144.5 na saa 100.5. Hollerith alitumia saa 72.5. Kazi ya pili ilikuwa kuchambua. Wenzake walitumia saa 55.5 na saa 44.5. Hollerith alitumia saa 5.5. Hapo hapakuwa na mjadala tena.

Mashine yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Karani anaweka kadi moja kwenye kitanda cha mpira, anashusha kifuniko chenye sindano nyingi zilizo na springi. Palipo na karatasi, sindano inazuiwa. Palipo na tundu, inapenya na kugusa kikombe kidogo cha zebaki chini yake. Umeme unapita, mshale wa saa husika unasogea hatua moja, kengele inalia, na kisanduku kimoja kati ya vingi kinafunguka ili kadi itupwe humo. Kadi inayofuata.

Walitoboa kadi zaidi ya milioni 60, moja kwa kila mkazi. Inasimuliwa kwamba makarani waliochoka walikuwa wakinyonya zebaki kidogo kutoka kwenye vikombe ili mashine igome, nao wapate kupumzika hadi fundi aje. Aliyewahi kuchomoa kebo ya intaneti kazini ili apumue anajua walikuwa na maana gani.

Jumla ya kwanza ilipotoka, takriban watu milioni 63, wengi hawakufurahi. Walitarajia nchi yao iwe kubwa kuliko hivyo, na baadhi ya magazeti yakailaumu mashine. Si jambo geni. Hesabu isipompendeza mtu, huanza na kuilaumu mashine.

Mwaka huo huo wa 1890 Columbia ilimpa shahada ya udaktari kwa kazi hiyo, naye akamuoa Lucia Talcott. Walijaliwa watoto sita.

Reli ilipomrudisha nyumbani

Baada ya sensa, Hollerith alikuwa na tatizo la mkulima wa miwa msimu ukiisha. Sensa huja mara moja katika miaka 10. Mashine zikae wapi? Wateja wapya walikuwa kampuni za reli. Kampuni ya New York Central ilikuwa ikishughulikia mamilioni ya hati za mizigo kila mwaka, na makarani wake walikuwa wamezama.

Akapeleka mashine zake. Zikakataliwa.

Zilikataliwa kwa sababu mashine ya sensa ilijua kuhesabu tu: huyu mmoja, huyu wa pili, huyu wa tatu. Reli haikutaka kuhesabu hati. Ilitaka kujumlisha uzito na nauli zilizoandikwa ndani ya hati hizo. Mashine ilikuwa nzuri, haikuwa na hitilafu yoyote, ila ilikuwa imetengenezewa nyumba nyingine. Ndiyo hali niliyokuwa nayo mimi Bumula.

Mtu mwenye kiburi angerudi nyumbani akiwatukana wateja. Hollerith hakukosa kiburi, lakini alirudi na kuomba nafasi ya pili. Akaijenga mashine upya ili iweze kujumlisha tarakimu. Akaibadilisha hata kadi. Badala ya alama zilizotapakaa, akaipanga kwa safu wima, kila safu ikiwa na nafasi za tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa. Safari hii reli ikakubali, na mwaka 1896 akaanzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company. Mashine zake zilitumika pia katika sensa ya Urusi ya mwaka 1897.

Tukizungumzia reli, sisi wa Bungoma hatuhitaji kwenda New York kujifunza. Reli inayopita mjini kwetu kuelekea Malaba na Uganda ni ile ya zamani, ambayo upana wake ni milimita 1,000. Reli ya kisasa iliyofika Naivasha mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Kwa hiyo kontena linalotoka Mombasa kwa reli mpya likitaka kuendelea kwa reli ya kale, lazima lishushwe na kupakiwa upya. Kreni, muda na pesa, yote hayo kwa sababu ya tofauti ya milimita 435.

Mteja aliyefungwa kamba

Hollerith hakuwa malaika. Alipojua kwamba mashine zake ni za lazima, aliweka masharti. Hakuziuza, alizikodisha. Kadi alizouza ni zake, na zilitakiwa ziwe za karatasi bora isiyo na uchafu, kwani kadi mbovu ingevuruga usomaji. Ukishaanza naye, rekodi zako zote zimo kwenye kadi zake, zinasomwa na mashine zake, zinatengenezwa na mafundi wake. Kuhama ni kuanza upya.

Kwa miaka kadhaa ofisi ya sensa ilivumilia. Lakini mkurugenzi Simon North alipoona bei haishuki, wakakosana. Kufikia mwaka 1905 Hollerith alikuwa ameondoa vifaa vyake. Serikali nayo ikajenga karakana yake na kumwajiri mhandisi James Powers, ambaye alitengeneza mashine mpya kwa ajili ya sensa ya 1910. Hollerith alikwenda mahakamani kujaribu kuzuia, akashindwa. Powers baadaye akaanzisha kampuni yake na kuwa mpinzani mkubwa.

Kumbe kiburi kilimzalia adui. Na serikali nayo ilijifunza kwa gharama kwamba swali la kumwuliza muuzaji haliishii kwenye bei. Unauliza pia: siku nikitaka kuondoka, naondokaje?

Ng'ombe, mashua na jina jipya

Mwaka 1911 Hollerith alikuwa amechoka, na moyo wake haukuwa na afya nzuri. Mfanyabiashara Charles Flint aliunganisha kampuni yake na nyingine za saa za kazini na mizani, zikawa Computing-Tabulating-Recording Company. Hollerith alipata zaidi ya dola milioni moja, pesa za kutisha enzi hizo. Mtoto wa mshona kofia akawa tajiri.

Aliendelea kuwa mshauri hadi 1921, lakini hakupenda kuagizwa na mtu. Thomas Watson aliingia kama meneja mwaka 1914, naye alikuwa mtu wa mauzo, si wa nyundo na waya. Mzee akajitenga kidogo kidogo. Alipenda magari, mashua, chakula kizuri na sigara kubwa. Akafuga ng'ombe wa maziwa aina ya Guernsey katika shamba lake. Nikisoma hapo nilicheka. Kumbe hata babu wa kompyuta alimalizia kama mzee yeyote wa Bukusu mwenye akili timamu: pesa zikipatikana, nunua ng'ombe.

Mwaka 1924 Watson aliibadilisha jina kampuni. Ikawa IBM. Novemba 17, 1929 Hollerith alifariki Washington kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69.

Kadi zilizokataa kufa

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, 1928, IBM ilitoa kadi mpya. Kadi ya zamani ilikuwa na safu 45 za matundu ya mviringo. Mpya ilikuwa na safu 80 za matundu membamba ya pembe nne. Habari karibu mara mbili. Lakini angalia walichofanya: ukubwa wa kadi kwa nje haukuguswa. Makabati na droo ambazo wateja walikuwa wameshanunua hazikuhitaji kutupwa. Walibadilisha kilichokuwa lazima kubadilika, wakaacha kilichofaa kubaki.

Ile namba 80 ilidumu. Skrini za maandishi za kompyuta zilizokuja miaka mingi baadaye zilipangwa kwa upana wa herufi 80. Ukifungua dirisha jeusi la amri kwenye baadhi ya mashine leo, bado utakuta upana wake ni 80. Kijana aliye kwenye saiba Bungoma anapima kazi yake kwa rula ya kadi ya mwaka 1928 bila kujua.

Kisha ikaja Aprili 7, 1964. Kabla ya siku hiyo, mteja wa IBM akihama kutoka kompyuta ndogo hadi kubwa, mara nyingi programu zake zote ziliandikwa upya. IBM ikatangaza System/360, familia ya mashine za ukubwa tofauti zinazoendesha programu zile zile. Baadhi ziliweza hata kujifanya mashine ya zamani ya 1401 ili kazi za mteja zisisimame. Kompyuta kuu za IBM za leo bado zinaweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ukoo huo.

Sitaficha upande mchungu. Katika miaka ya 1930, baada ya Hollerith kufa, mashine zenye asili yake zilitumiwa na kampuni tanzu ya IBM nchini Ujerumani katika sensa za utawala wa Nazi. Mashine inayompanga kila mtu kwenye kisanduku chake haiulizi kisanduku hicho kitapelekwa wapi. Rekodi za watu ni kitu cha kushikwa kwa mikono miwili, iwe za taifa zima au za ada za wanafunzi mia kadhaa wa kijijini.

Kurudi Bumula

Siku ya nne fundi mmoja wa mjini Bungoma alinisaidia kupanga diski upya kwa kujaribu moja moja. Mashine kuukuu ikawaka, ikanguruma, rekodi zikaonekana. Yule mama alichapiwa risiti mpya na binti akarudi darasani asubuhi iliyofuata. Gharama za fundi nilizilipa mwenyewe, na ilikuwa haki.

Sasa nikiulizwa na mtu anayetaka kununua seva ya mitumba, siangalii tangazo kwanza. Naenda kwanza kwa mashine ya zamani na kalamu. Nafungua, napiga picha, naandika namba ya modeli, ukubwa wa diski na aina ya plagi zake, na kila diski naibandika namba kabla sijaigusa. Kontrola ya SAS husoma diski za SATA, lakini ya SATA haiwezi kusoma diski za SAS, kwa hiyo lazima ujue ulicho nacho. RAM nayo ina vizazi vyake, na hata ndani ya kizazi kimoja RAM ya seva yenye rejista haichanganywi na ile ya kompyuta ya kawaida.

Kisha napima kabati kwa futi ya fundi seremala: kina chake, si upana tu. Naangalia plagi za stima, na kama UPS iliyopo itaweza kuibeba mashine mpya, maana Bumula stima hukatika bila kupiga hodi. Nahesabu matundu ya nyuma: printa ya zamani itachomekwa wapi? Skrini ina tundu gani? Adapta ya USB inaweza kuonekana kama jibu, lakini programu nyingine za zamani hazitambui printa isiyo kwenye tundu lake la asili. Shuleni ilibidi nitafute kadi ya kuongeza tundu hilo ndani ya seva.

Baada ya hapo nauliza kuhusu programu. Programu ya kale ya biti 16 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, hata ukiibembeleza. Watengenezaji wa seva na mifumo huchapisha orodha za vifaa vinavyokubaliana, na kuzisoma ni bure. Namwomba muuzaji tuandikiane kwamba nikikwama naweza kurudisha. Na kama ilivyofanyika St. Louis mwaka 1889, naijaribu mashine mpya kwa data ya zamani, kwa nakala, huku ile ya zamani ikiendelea na kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Seva ile hatimaye ilikubali, muhula mmoja baadaye. Iko kwenye kabati refu alilolichonga seremala wa hapa. Ile kuukuu bursa alikataa katakata isiondolewe. Iko kwenye kona ya ofisi yake, imefunikwa kitambaa cha vitambaa, na kila Ijumaa jioni anaiwasha kuhakikisha bado inaamka. Siku hizi simcheki.